Somo la Leo: Mtoto Aanze Raga kwa Hatua



Leo tujifunze juu ya mchezo wa raga kwa watoto wadogo. Wazazi wengi wakisikia jina hilo hushtuka. Husema, "Mchezo ule wa kuangushana? Mtoto wangu atavunjika shingo!" Hofu hiyo siyo ya bure. Lakini mtoto wa miaka 6 hachezi raga ya watu wazima. Anayo raga yake, iliyopimwa kwa umri wake.

RAGA NI NINI?

Raga huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai. Jina lake limetokana na shule ya Rugby, huko Uingereza. Wanafunzi wa shule hiyo waliandika sheria za mchezo wao mwaka 1845.

Katika raga ya watu wazima, kila timu ina wachezaji 15, nao hucheza dakika 80. Mchezaji hubeba mpira mikononi na kukimbia nao. Akitaka kumrushia mwenzake, humrushia pembeni au nyuma. Kurusha mbele ni makosa. Akivuka mstari wa wapinzani na kugusisha mpira chini, timu yake hupata pointi. Wapinzani humkaba na kumwangusha ili asifike.

Iko pia raga ya wachezaji 7. Mwaka 2016 Kenya ilishinda mashindano ya raga hiyo huko Singapore, ikaifunga Fiji 30 kwa 7.

KWA NINI WATOTO WAWE NA RAGA YAO?

Mkulima hamfungi ndama jembe la kukokota. Humwacha kwanza akue, kisha humzoesha kidogo kidogo. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Mifupa yake bado inakua. Shingo yake haijapata nguvu. Hajajua kuanguka vizuri. Tena mtoto wa miaka 7 akigongana na wa miaka 12, anayeumia ni yule mdogo.

HATUA WANAZOPITA WATOTO

Hebu tuone wanavyofanya Uingereza.

Hatua ya 1: Walio chini ya miaka 7. Kila upande una watoto 4. Hakuna kuangushana. Kila mtoto huvaa mshipi wenye vitambaa viwili, kimoja kila upande wa kiuno. Mpinzani akikivuta kitambaa cha mwenye mpira, ni kama amemkamata. Mwenye mpira husimama na kumpa mwenzake mpira. Aliyevuta hurudisha kitambaa, na mchezo unaendelea.

Hatua ya 2: Walio chini ya miaka 8. Kila upande una watoto 6. Bado huvutana vitambaa tu.

Hatua ya 3: Walio chini ya miaka 9. Kila upande una watoto 7. Hapo ndipo wanapoanza kufundishwa kukaba.

Hatua ya 4: Miaka inayofuata, wachezaji huongezwa kidogo kidogo mpaka wafike 15. Uwanja nao huongezwa.

Mpira pia hupimwa. Wadogo hutumia namba 3. Wakikua kidogo hutumia namba 4. Watu wazima hutumia namba 5.

Hata huko Uingereza watu hawakubaliani wote. Mwaka 2016 madaktari na wataalamu zaidi ya 70 waliiandikia serikali. Walitaka kukabana kuondolewa kabisa katika raga ya shule. Ombi hilo halikukubaliwa. Lakini mwaka 2023 chama cha raga cha huko kilishusha kimo cha kukaba katika michezo ya mitaani na shuleni. Sasa mchezaji hukabwa kuanzia kwenye chembe cha moyo kwenda chini. Shabaha ni kulinda kichwa.

TUNAWEZAJE KUANZA KIJIJINI?

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi.

1. Chaneni kanga kuukuu mpate vitambaa vya urefu wa kiganja na nusu hivi. Kila mtoto achomeke viwili kiunoni. Visifungwe, maana kikifungwa mtoto atavutwa aanguke.

2. Kama mpira wa raga haupo, tumieni mpira wowote mdogo, hata wa matambara.

3. Safisheni uwanja. Ondoeni mawe, miiba, visiki na vipande vya chupa.

4. Pangeni watoto kwa umri na kwa kimo. Wasichana na wavulana wadogo wacheze pamoja.

5. Mtu mzima asimamie. Akataze kusukuma, kushika nguo na kutegana miguu.

6. Wacheze muda mfupi, wapumzike, wanywe maji.

Msiruke hatua. Mkiwa hamna mwalimu aliyejifunza kufundisha kukaba, bakini na vitambaa tu. Mtoto hapungukiwi kitu. Atajifunza kukimbia, kukwepa, kudaka na kushirikiana.

JIHADHARINI NA KICHWA

Mtoto akigongwa kichwa, ubongo huweza kutikisika hata kama hakuna damu wala uvimbe. Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma, kutapika, kizunguzungu, kuona ukungu, kuyumba, kusahau, au usingizi usio wa kawaida.

Ukiona dalili hata moja, mtoe mtoto uwanjani mara moja. Asirudi siku hiyo, hata akisema, "Nimepona." Apelekwe zahanati. Kama amezimia au shingo inamuuma, msimwinue wala kumgeuza bila haja; tafuteni mganga haraka. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21. Basi wazazi tusione haya kumzuia mtoto. Mechi itakuwepo nyingine, ubongo ni mmoja tu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini vitambaa huchomekwa tu, visifungwe?
2. Watoto wa Uingereza huanza kufundishwa kukaba katika hatua ya ngapi?
3. Tajeni dalili nne za ubongo kutikisika.
4. Hapa kijijini kwetu, ni uwanja gani unaofaa? Nani atasimamia?

Someni somo hili kwa sauti mbele ya wenzenu wasiojua kusoma. Watoto ni wetu sote.