Somo la 7: Laana Ambayo Mungu Hakuitamka

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 9:18–27, Hesabu 12:1–15, Walawi 19:33, 34, Matendo 13:1, 17:26, Wagalatia 2:11–14, Ufunuo 14:6, 7.

Fungu la Kukariri: Matendo 17:26. (Darasa lifungue Biblia na kulisoma kwa pamoja, kisha kila mmoja alikariri.)

Tusikiapo habari za ubaguzi wa rangi, wengi wetu hufikiria Marekani, au Afrika Kusini ya zamani. Tunajihesabu kuwa watu waliotendewa, wala si watendaji. Hata hivyo, sisi wa Kibondo, Kasulu na Kakonko tumeishi jirani na matunda ya dhambi hii kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1972 Warundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji, na mwaka 1993 wakavuka tena. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu waliotoka Kongo, na Nduta ikafunguliwa upya 2015.

Kila wimbi lilikuwa na sababu zake za kisiasa. Lakini nyuma ya mengi kati ya hayo limesimama fundisho moja: kwamba wanadamu wamepangwa katika madaraja, na kwamba aliyewapanga ni Mungu. Juma hili tutalifuata fundisho hilo, tuone lilikotoka, lilivyoingia kanisani, na Injili inavyolijibu.

JUMAPILI: Ni Nani Aliyelaaniwa?

Soma Mwanzo 9:18–27. Ni nani aliyetamka laana? Ilimwangukia nani?

Kwa karne nyingi wafanyabiashara wa watumwa na watetezi wao walifundisha kwamba Mungu alimlaani Hamu, baba wa watu weusi, ili wazao wake wawe watumwa. Soma tena polepole. Aliyesema ni Nuhu, alipoamka kutoka katika ulevi wake. Fungu halisemi kwamba Mungu alimwagiza. Tena aliyelaaniwa si Hamu bali Kanaani. Kushi, ambaye kwa jina lake Biblia inaitambulisha nchi iliyo kusini ya Misri, hatajwi katika laana hiyo. Na rangi ya ngozi haitajwi kabisa.

Basi fundisho hilo halikutoka katika fungu. Watu walitaka kwanza mashamba yalimwe bila mshahara, kisha wakaitafuta Biblia iwatulize dhamiri.

Soma Hesabu 12:1–15. Miriamu na Haruni walimnung'unikia Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi. Mungu hakulipita jambo hilo kimya. Miriamu alipigwa kwa ukoma, ngozi ikawa nyeupe kama theluji, akatengwa nje ya kambi siku saba.

*Je, umewahi kutumia fungu la Biblia kutetea jambo ambalo moyo wako ulikwisha kuliamua?*

JUMATATU: Nadharia Iliyopita Karagwe

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika Ujiji pamoja na Richard Burton. Mwaka 1861 alirudi akapokelewa Karagwe na Mfalme Rumanyika. Alivutiwa na watawala wale wenye ng'ombe. Katika kitabu alichokitoa 1863 aliandika kwamba watu hao walitoka upande wa Uhabeshi na kwamba walikuwa bora kwa asili, huku Waafrika wengine akiwahesabu kuwa wana wa Hamu waliohukumiwa utumwa.

Wataalamu wa Ulaya waliomfuata waliigeuza nadharia hiyo: sasa "Wahamu" wakawa ndio wale bora. Jina lililolaaniwa jana likasifiwa leo, kadiri lilivyofaa watawala. Wajerumani, kisha Wabelgiji, walitawala kwa wazo hilo. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika katika vitambulisho vya Wanyarwanda: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Tangu hapo mtoto alirithi neno hilo kwa baba yake.

Sisi wa Buha tunajua kwamba hapa pia palikuwa na watawala Watutsi, na wakulima waliopewa ng'ombe ili wawatumikie. Hatukuwa watakatifu kuliko majirani zetu. Lakini upande huu wa mpaka watu hawakugawanywa kwa vitambulisho vya namna hiyo, na baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu. Wazo likikosa karatasi, ofisi na bunduki, hunyauka. Likipewa hivyo vyote, huzaa.

Soma Matendo 17:26. *Paulo aliyasema haya Athene, mbele ya watu waliojiona bora kuliko mataifa mengine. Kwa nini alianza na asili moja ya wanadamu kabla ya kuhubiri ufufuo?*

JUMANNE: Damu Katika Nyumba ya Mungu

Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara nchini Rwanda kwamba Watutsi wangerudishwa kwao Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Ni nadharia ileile iliyopita Karagwe, sasa imerudi na panga mkononi. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku mia moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 800,000 waliuawa. Miili ilichukuliwa na mto Kagera hadi Ziwa Viktoria.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Nchini Burundi mwaka 1972 jeshi lililoongozwa na Watutsi liliua Wahutu, hasa waliosoma, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Sumu hii haina kabila. Hufanya kazi katika mkono wowote unaoishika.

Na sisi Waadventista? Katika kituo chetu cha Mugonero, Rwanda, maelfu walikimbilia kanisani na hospitalini. Wachungaji waliokuwa miongoni mwao walimwandikia kiongozi wao wa kanisa wakiomba msaada. Aprili 16, 1994, washambuliaji walifika. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kiongozi huyo, mchungaji, kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Alifungwa miaka kumi. Mwanawe, daktari wa hospitali hiyo, alihukumiwa miaka ishirini na mitano.

Wakati huohuo, Carl Wilkens, aliyeongoza shirika letu la ADRA nchini humo, alikataa kuondoka Kigali akabaki kusaidia yatima. Watu hawa walishika Sabato moja na kusoma lesoni moja.

*Kujua mafundisho ya kweli kulishindwaje kuizuia mikono ya wengine? Ni kitu gani kilikosekana?*

JUMATANO: Petro Anainuka Mezani

Soma Matendo 13:1 na Wagalatia 2:11–14. Kanisa la Antiokia lilikuwa la namna gani? Petro alifanya nini ndani yake?

Antiokia palikuwa na Simeoni aitwaye Nigeri, yaani mweusi, na Lukio wa Kirene, kutoka Afrika Kaskazini. Hawakuwa wageni wa nyuma. Walikuwa kati ya manabii na walimu. Katika kanisa hilohilo Petro alikula na watu wa mataifa mpaka wageni walipofika kutoka kwa Yakobo. Ndipo akajitenga.

Huyu ndiye Petro aliyeona nguo ikishuka toka mbinguni, aliyebatiza nyumba ya Kornelio. Alijua. Lakini hofu ya watu wake ilikuwa na nguvu kuliko maono yake. Hivyo ndivyo ubaguzi unavyodumu: haungoji tuukubali kwa kinywa, hutosheka tukiinuka mezani. Na Paulo hakuuita desturi. Alisema wazi kwamba hawakwenda sawasawa na kweli ya Injili.

Mwaka 1891 Ellen G. White alisimama mbele ya viongozi wa Konferensi Kuu akawaonya juu ya kuwatenga waumini weusi. Wengi hawakusikia. Mwaka 1943 Lucy Byard, Mwadventista mweusi aliyekuwa mgonjwa sana, alikataliwa katika hospitali ya kanisa letu karibu na Washington ilipogundulika yeye ni wa rangi gani. Alipelekwa hospitali nyingine, akafa. Mwaka uliofuata kanisa Marekani liliamua kuanzisha konferensi zinazoongozwa na waumini weusi.

ALHAMISI: Mgeni Akaaye Kwenu

Soma Walawi 19:33, 34. Mungu anawapa Israeli sababu gani ya kumpenda mgeni?

Sababu ni kumbukumbu: nanyi mlikuwa wageni. Waha tuna kumbukumbu hiyo. Baba na babu zetu walisafiri kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na huko jina "Mha" likawa dhihaka. Hata leo wengi wetu tumewahi kuulizwa kwenye ofisi fulani, kwa sababu ya lafudhi tu, kama kweli sisi ni Watanzania.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha walimu wa Shule ya Sabato katika kanisa moja la wilaya zetu. Mama mmoja kutoka kambini alisimama kusoma fungu la kukariri kwa matamshi ya Kirundi. Darasa likacheka. Mwalimu akampa mwingine asome. Nami niliyetumwa kuwafundisha, nilitabasamu. Jioni ndipo nilipokumbuka kwamba bibi yangu aliyatamka maneno hayo vilevile. Pande zote mbili za mpaka mtu ni *umuntu* na ng'ombe ni *inka*. Nilikuwa nimemcheka bibi yangu. Sabato iliyofuata nilirudi kumwomba radhi, nikaambiwa amehama. Sijampata hadi leo.

*Katika kanisa lako, nani hukaa benchi la nyuma? Nani hajawahi kuombwa kusali?*

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Matendo 6:1–7 na Yakobo 2:1–9. Soma pia fundisho la 14 katika Mafundisho Makuu ya Waadventista Wasabato, Umoja Katika Mwili wa Kristo.

Ujumbe wa malaika wa kwanza unakwenda kwa kila taifa, kabila, lugha na jamaa (Ufunuo 14:6). Hatuwezi kuupeleka kwa watu ambao hatuko tayari kula nao. Anayemwabudu Muumbaji siku ya Sabato anakiri kwamba kila mtu aliyeketi kando yake ni kazi ya mikono ileile.

Maswali ya Kujadili:

1. Wajane wa Matendo 6 walipolalamika, mitume hawakuwaita wachochezi. Walifanya nini? Kanisa lenu hupokeaje malalamiko ya wanaojiona wamebaguliwa?
2. Taja methali, wimbo au mzaha unaotumika nyumbani kwako kuhusu Warundi, Wakongo, Watwa au kabila lingine. Watoto wanajifunza nini humo?
3. Binti yako akiposwa na Mwadventista mwaminifu aliyezaliwa kambini, swali lako la kwanza litakuwa nini?
4. Darasa likubaliane jambo moja la kutenda kabla ya Sabato ijayo, na mtu wa kulifuatilia.