Muuguzi na Mazoezi: Vikwazo na Tahadhari kwa Mlaji

Muuguzi aliyesajiliwa humhimiza mgonjwa wa shinikizo la damu atembee kila siku. Yeye mwenyewe mara nyingi hukosa nafasi hiyo. Katika somo hili tunaeleza sababu zake na mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa fedha.

Kiasi kinachohitajika
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Zoezi la wastani humwezesha mtu kuzungumza, lakini si kuimba. Kwenda na kusimama wodini huchosha miguu, ila mara nyingi hakufikii kiwango hicho.

Vikwazo
Cha kwanza ni zamu. Anayemaliza zamu ya usiku Bagamoyo na kupanda daladala kwenda Bunju hufika nyumbani jua limekwisha kuwa kali, naye anadai usingizi. Jumamosi ya pili ya mwezi, iliyotengwa kitaifa kwa mazoezi tangu 2016, yaweza kumkuta kazini. Cha pili ni majukumu ya nyumbani, hasa kwa wanawake, pamoja na hofu ya kutembea peke yao gizani.

Muda wa mapumziko
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kwa siku na saa 24 kwa wiki. Ratiba isiyozingatia hayo ijadiliwe na mwajiri.

Kabla ya kulipa
1. Ukumbi wa mazoezi: uliza saa za kufungua, kama unaweza kulipa kwa siku badala ya mwezi, na kama siku ulizokosa kwa sababu ya zamu hufidiwa. Pata majibu kwa maandishi, utunze risiti.
2. Dawa za kupunguza uzito: usinunue zisizosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hata zikiuzwa na mfanyakazi mwenzako.
3. Ukidanganywa, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani.

Kumbuka
Kila dakika huhesabika. Mchanga mgumu wa pwani ya Bagamoyo maji yakipwa hautozi ada. Dakika 25 za mwendo wa haraka, siku 6, hutimiza 150.