Unataka Kugeuza Ghala Kuwa Nyumba ya Wageni? Anza na Kibali

Mwenye ghala la mazao Madogo huenda akaona kulaza wageni kuna faida kuliko kuhifadhi magunia. Mji uko kwenye barabara ya Garissa kwenda Nairobi, na wasafiri hawakosekani. Hata hivyo, kabla ya kununua vitanda, kuna kibali cha kutafutwa.

Kwa nini kibali, na jengo ni langu?

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahesabu kubadilisha matumizi ya jengo kuwa ustawishaji, sawa na kujenga. Kwa hivyo, hata usipobomoa ukuta, unahitaji idhini ya serikali ya kaunti. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili.

Ghala liko umbali gani na mto?

Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa. Maji yakiingia ghalani, hasara ni mahindi. Yakiingia usiku kwenye nyumba ya wageni, yanawakuta watu wamelala, tena wasioijua njia ya kukimbilia. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zililinda ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, ukipimwa kwa alama ya juu ya mafuriko. Pima kwanza.

Hatua za kufuata

1. Thibitisha umiliki. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii. Kuwa na ghala juu yake si sawa na kuimiliki.

2. Wasilisha ombi na michoro kwa ofisi ya mipango ya kaunti. Ionyeshe vyumba, madirisha, vyoo, maji taka na njia ya kutokea wakati wa dharura.

3. Subiri jibu la maandishi. Sheria inatoa siku 60. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango.

4. Kabla ya kufungua, pata ukaguzi wa afya ya umma, leseni ya biashara ya kaunti na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii.

Afadhali kuambiwa mahali hapafai kabla fundi hajapiga plasta.