Mzigo wa Jua kwa Mama Mwenye Mimba

Katika njia ya kale itokayo Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walichukua kila mmoja mzigo wa frasila mbili hivi, na wanawake walisafiri pamoja nao. Desturi yao ilikuwa ya hekima: waliondoka alfajiri, na jua lilipopanda walitua mizigo kambini.

Hekima hiyo yatufaa hata leo. Huku Tabora joto huzidi Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Ndipo maji huwa mbali, na mashamba hungoja kutayarishwa, mara nyingi kwa mikono ya mama mwenye mimba.

Basi tujifunze jinsi jua limpatavyo mtoto asiyezaliwa bado. Mwili ukishikwa na joto hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, na ile iendayo kwenye kondo la mtoto huweza kupungua. Jasho nalo hupunguza maji ya mwili, na uchungu huweza kuanza kabla ya wakati. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya habari za nchi 27, wakaona ya kuwa joto likiongezeka digrii 1, hatari ya kuzaa kabla ya miezi kutimia huongezeka kama sehemu 5 katika 100. Mtoto azaliwaye mapema, au chini ya kilo 2.5, hupoa upesi, hunyonya kwa shida, na maradhi humpata kwa urahisi.

Yatupasa nini? Mama na alime asubuhi, apumzike kivulini mchana, anywe maji mara kwa mara. Akipata homa asiseme, "Ni jua tu". Huenda ni malaria. Akitokwa na damu au maji, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, aende zahanati siku ile ile.

Lakini kumwambia apumzike, na mtungi u mtupu, ni kumwongezea mzigo. Kwa hiyo waume, wakwe na vijana wa usharika na wachukue ndoo na shoka. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kusaidiana mizigo, nao mzigo huu u mlangoni petu. Mpagazi aliutua wake mchana. Mwenye mimba hawezi kuutua wa tumboni. Basi tumtue ule wa kichwani.