Maji ya Illasit na Misitu ya Mwambao

Kaunti ya Kajiado haina bahari. Kutoka Illasit, Tarakea ya Tanzania iko karibu tu ng'ambo ya mpaka, ilhali ufuo wa Malindi uko zaidi ya kilomita 250 upande wa mashariki. Hata hivyo, mito ya pande zote mbili za kaunti hii huishia huko, na wanaoishi kando ya bahari huona kwa macho yao tunavyoitunza ardhi huku juu.

Mvua ya Kilimanjaro haitiririki yote juu ya ardhi. Mwamba wa volkeno una matundu mengi, kwa hivyo maji huzama msituni na kuchomoza chini ya mlima kama chemchemi. Nolturesh inajulikana zaidi kwa sababu bomba lake hufika mbali, hadi miji ya Kajiado na Machakos. Maji yanayobaki mitoni huelekea mto Tsavo. Upande wa pili wa kaunti, mto Kitengela huingia Mbagathi, ambao huendelea kama Athi. Tsavo na Athi hukutana ndani ya mbuga ya Tsavo na kuwa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Mkulima wa nyanya wa Illasit na mwenye ploti wa Kitengela huenda hawajawahi kuonana, lakini maji yao hukutana.

Huko yanakofika ni mwambao wa takriban kilomita 600, kutoka Vanga hadi Kiunga. Wengi huufahamu kwa mchanga mweupe, lakini sehemu nyingi ni majabali. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo. Iliposhuka, matumbawe yalibaki nchi kavu yakawa mawe yenye ncha kali na mapango. Shimoni, kusini mwa Kwale, imepata jina lake kwa mapango hayo. Udongo ni haba, lakini miti hupenyeza mizizi katika nyufa, msitu ukasimama juu ya jiwe. Kisiwani Wasini, mkabala na Shimoni, wakazi walitegemea maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye birika kwa vizazi vingi. Mfugaji wa Kajiado anayechimba silanga hahitaji kuelezwa maisha hayo.

Nyuma ya ufuo kuna misitu ya kaya ya Wamijikenda: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Waribe, Wakambe, Wakauma na Wajibana. Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome, vilivyofichwa katikati ya msitu. Watu walihama polepole, na kufikia miaka ya 1940 karibu zote zilikuwa zimebaki bila wakazi, ila wazee waliendelea kulinda makaburi na mahali pa maombi. Kukata mti kaya ni mwiko. Mashamba na hoteli vilipoenea, misitu mingi ya jirani ilitoweka na kaya zikabaki kama visiwa vya kijani. Serikali ilianza kuzitangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria hiyo ya serikali ilikuta kazi imeshafanywa na wazee.

Ukingoni mwa maji kuna mikoko, inayoota penye tope la chumvi na kuwalea samaki na kamba wachanga katika mizizi yake. Boriti na fito zake zimejenga nyumba za Lamu kwa karne nyingi, na ukataji uliopita kiasi umeacha mapengo. Katika vijiji vya Gazi na Makongeni, Kwale, wakazi walichagua njia nyingine. Tangu mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zake zimetumika kwa maji ya bomba na mahitaji ya shule. Mti uliosimama umeanza kumlipa jirani yake, na hapo ulinzi huwa rahisi.

Sabaki sasa. Msimu wa mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba na malisho ya bara, mwingi ukiletwa na Athi. Mdomoni mwa mto tope hilo limewapa mikoko mahali pa kuota, lakini matumbawe yaliyo hai huhitaji mwanga, na udongo huyafunika. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, na wavuvi wanaotegemea samaki wa miamba, ndio wanaobeba hasara. Anayepoteza kwanza, hata hivyo, ni mwenye shamba la huku juu: udongo ulioondoka hauletwi tena na mbolea ya gunia.

Kanuni za maji nchini zinataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, angalau mita 6 kila upande na hadi mita 30 kulingana na upana wa mto. Kanuni za mwaka 2009 za misitu ya shambani zilimtaka mkulima awe na miti kwenye asilimia 10 ya shamba. Anayepanda vitunguu karibu na mfereji au kijito anaweza kupima mita hizo 6 kwa hatua, kabla trekta halijaingia shambani.