Mazingira Huanzia Jikoni

Kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, wananchi hujitokeza na mafagio, majembe na miche ya miti. Mitaro husafishwa, hotuba hutolewa, na miche hupandwa mbele ya viongozi. Ni kazi njema. Lakini alfajiri ya tarehe 6 kila kaya huwasha jiko lake kama ilivyoliwasha juzi, na maganda hutupwa pale pale yanapotupwa siku zote. Hali ya mazingira ya kata huamuliwa katika siku hizo nyingine zisizo na hotuba, na sehemu kubwa ya uamuzi huo hufanyika jikoni.

Ndiyo maana somo hili linaanzia jikoni na kukaa hapo zaidi kuliko penginepo. Miongoni mwa mambo yanayofanywa nyumbani kila siku, ni machache yenye uzito kama kupika.

Gharama ya sufuria moja ya maharage

Maharage makavu yakibandikwa bila kulowekwa huweza kutokota saa mbili, hata tatu, na muda wote huo mkaa huongezwa. Mkaa huo una historia yake kabla haujafika kwa muuzaji wa mtaani. Katika tanuru la kawaida la kufukiwa kwa udongo, kilo moja ya mkaa huhitaji kati ya kilo tano na kumi za kuni. Zilizosalia huteketea au kupotea angani kama moshi na mvuke. Basi anayeokoa kopo moja la mkaa ameokoa mti mwingi zaidi ya ule unaoonekana ndani ya kopo.

Takwimu za Serikali zimekuwa zikitaja upotevu wa misitu wa takribani hekta 469,000 kwa mwaka nchini Tanzania. Upanuzi wa mashamba una sehemu kubwa katika hasara hiyo, na si haki kumtwika mama lishe lawama yote. Hata hivyo mkaa na kuni navyo vimo, tena kwa kiasi kisichoweza kupuuzwa.

Kuna gharama nyingine inayolipwa ndani ya nyumba yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walifariki kutokana na hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kuni, mkaa na mafuta ya taa, na kwamba zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ni wale wanaobebwa mgongoni au kulazwa karibu na mafiga wakati mama akipika.

Kwa nini mkaa haujaachwa

Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lengo ni zuri, lakini halitafikiwa kwa kuwaambia wananchi tu kwamba mkaa ni mbaya. Hilo wanalijua, macho na vifua vyao vimewaambia.

Kinachoudumisha mkaa ni kipimo chake. Huuzwa kwa kopo na kwa fungu, yaani kwa kiasi kinacholingana na kilichomo mfukoni jioni hiyo. Mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo 6, hudai fedha yote kwa mara moja, na kaya inayoishi kwa kipato cha kutwa haina siku ambayo fedha hiyo imekaa ikisubiri. Kwa mwezi mzima kaya hiyo huweza kuwa imetumia fedha nyingi zaidi kwa makopo kuliko ambavyo ingetumia kwa gesi, bila kuona mahali fedha ilipopita. Mwalimu wa mazingira asiyelielewa jambo hili huwalaumu watu kwa umaskini wao.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza isiyohitaji fedha ni kubadili namna ya kupika. Kubadili jiko kunaweza kufuata baadaye.

Maharage yalowekwe usiku kucha. Saa nane hadi kumi na mbili ndani ya maji ya kutosha hulainisha punje, hupunguza sana muda wa kuiva, na humpunguzia mlaji gesi tumboni. Maji ya kulowekea yamwagwe kwenye mchicha, kisha maharage yabandikwe kwa maji mapya. Sufuria ifunikwe, sufuria iliyo wazi hupoteza joto kila dakika, na mpishi hulifidia kwa mkaa. Yakisha kuchemka, moto upunguzwe. Maji yanayochemka kwa nguvu hayana joto zaidi ya yale yanayochemka taratibu, kwa hiyo moto mkali baada ya hapo huzalisha mvuke tu.

Njia ya pili inawashangaza wengi wanapoiona mara ya kwanza. Ni kapu la kuhifadhi joto. Huchukuliwa kapu kubwa la ukindu au boksi, likatandikwa ndani na pembeni kwa blanketi kuukuu, pamba, au mito iliyojazwa vipande vya nguo. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kwa dakika 15 hadi 20, kisha sufuria, ikiwa na mfuniko wake, huingizwa ndani ya kapu na kufunikwa vizuri kwa mto mwingine. Huachwa humo saa tatu hadi nne bila kufunuliwa. Chakula huendelea kuiva kwa joto lake chenyewe, na mpishi huwa huru kwenda shambani au sokoni. Makande, wali na supu navyo hukubali njia hii. Sharti moja lisipuuzwe: yale maharage, hasa mekundu, lazima yachemke sawasawa kabla ya kuingizwa kapuni, kwa kuwa yana sumu ya asili inayoondolewa kwa kuchemka na si kwa uvuguvugu. Yakitolewa, yachemshwe tena kidogo kabla ya kuliwa.

Hatua ya pili ni jiko lenyewe. Jiko la bati lenye kikapu cha udongo wa kuchoma ndani, linalouzwa katika masoko mengi, hutumia mkaa pungufu kwa theluthi hadi nusu ukilinganisha na jiko la bati tupu. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini hurudi baada ya majuma machache. Mnunuzi aangalie udongo usiwe na ufa na ushikamane vizuri na bati. Kwa kaya zenye umeme, sufuria ya umeme ya presha inastahili kufikiriwa upya na wale wanaoamini kwamba umeme ni wa matajiri. Kwa kuwa imezibwa, na joto lake halitoroki, huivisha kilo moja ya maharage kwa chini ya uniti moja. Mwenye shaka asome mita yake kabla na baada ya kupika, kisha alinganishe na makopo ya mkaa ambayo angeyatumia.

Mkaa mbadala nao una nafasi yake. Hutengenezwa kwa vumbi la mkaa, pumba za mpunga zilizochomwa au mabaki mengine ya mimea, yakachanganywa na uji wa mhogo na kufinyangwa. Huwaka polepole na hudumu, ijapokuwa huacha majivu mengi na hauwahi kushika moto. Vikundi vinavyotaka kuufanya biashara vikumbuke kwamba kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye.

Kabla ya kutoka jikoni, kuna onyo. Jiko la mkaa, hata lile lililokwisha kuwa jekundu bila moshi, lisiingizwe katika chumba cha kulala nyakati za baridi. Hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu usingizini bila kumwamsha. Mkaa mbadala pia hutoa hewa hiyo hiyo.

Kinachotupwa

Sehemu kubwa ya taka za nyumbani katika kata za vijijini na miji midogo ni maganda ya ndizi, viazi na mihogo, mabaki ya mboga, majani na majivu. Hizi si taka mpaka zichanganywe na plastiki. Zikiwekwa peke yake huwa mboji, na mkulima wa bustani anayenunua mbolea ya chumvi huku akitupa maganda anajinunulia kile anachokitupa.

Huhitajika shimo lenye kina kisichozidi magoti, au uzio mdogo wa miti kwenye kivuli. Tabaka la majani makavu au mabua huanza chini, juu yake maganda mabichi, kisha samadi ya mbuzi au ng'ombe kidogo na udongo, halafu mzunguko hurudiwa. Lundo liwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, na ligeuzwe kila baada ya wiki mbili. Likitengenezwa vizuri, katikati yake hupata joto ambalo mkono hauwezi kulivumilia, nalo huua mbegu za magugu. Baada ya miezi miwili au mitatu hubaki udongo mweusi wenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Lundo linalonuka lina maji mengi au limekosa hewa. Liongezwe majani makavu na kugeuzwa. Nyama, samaki na mafuta visitiwe humo, kwani huita panya na mbwa.

Plastiki ni habari nyingine. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini mifuko laini bado hupenya sokoni, na mwisho wake ni mtaroni. Mtaro ukiziba, maji ya mvua huingia nyumbani yakiwa yamebeba uchafu wa vyoo, na kipindupindu hakiulizi ni nani aliyetupa mfuko. Kapu la ukindu linatosha kwa safari zote za sokoni. Chupa ziwekwe kando kwa ajili ya wanaozinunua. Zinazobaki zipelekwe kwenye kizimba kinachotambuliwa na serikali ya kijiji au mtaa, wala zisichomwe uani, kwa kuwa moshi wa plastiki una sumu, baadhi zikiwamo zinazosababisha saratani, na majivu yake hurudi kwenye mboga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Mkazi anayeona kizimba kimefurika ana haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji au mtaa ni lini kitaondolewa.

Taa na maji

Kuhusu taa, hesabu ni fupi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku humaliza uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na huo, humaliza uniti 1 na theluthi hivi.

Maji ya mvua huhesabiwa kwa urahisi vilevile. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20, lita 1,000 zimepita juu ya nyumba. Hata ikipotea lita moja katika kila tano, zinabaki ndoo 40 za lita 20 ambazo hakuna mtoto aliyetumwa kuzichota. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite ili ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, pipa lifunikwe ili mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe au kutiwa dawa. Mifereji ya bati ni vyema ifungwe mwezi mmoja kabla ya vuli, wakati mafundi bado wana nafasi.