Nukta Sita na Safari ya Kitabu

Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka utotoni baada ya kujiumiza katika karakana ya baba yake. Maelezo ya kwanza ya mfumo huo yalichapishwa mwaka 1829. Kila alama hukaa ndani ya kichumba chenye nafasi sita, yaani safu mbili za wima, kila moja nafasi tatu. Kwa kuwa kila nafasi yaweza kuwa na nundu au kuwa tupu, michanganyiko yote ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, nayo ni 64. Ikiondolewa ile isiyo na nundu hata moja, hubaki alama 63. Kichumba kizima huenea chini ya ncha ya kidole, na ndiyo maana msomaji huitambua herufi kwa mguso mmoja.

Atumiaye kibao na kalamu ya sindano husukuma nundu kutoka upande wa nyuma wa karatasi. Hivyo hulazimika kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikipinduliwa isomeke kutoka kushoto kwenda kulia.

Shida kubwa imo katika wingi wa karatasi. Ichukuliwe kwamba kitabu cha fizikia kina kurasa 200, kila ukurasa una herufi na nafasi 2,000. Jumla ni 400,000. Ukurasa wa nukta nundu wenye mistari 25 ya vichumba 40 hubeba alama 1,000 tu. Zitahitajika kurasa 400 za karatasi nene, tena zisizoweza kubanwa sana kwa kuwa nundu zitalala. Kitabu kimoja huwa majuzuu kadhaa, na mwanafunzi asiyeona huyangojea ilhali wenzake wamekwisha kufika sura ya tano.

Kwa miaka mingi sheria nayo iliongeza kungoja huko. Katika nchi nyingi nakala ya nukta nundu haikuweza kutolewa bila idhini ya mwenye haki ya kunakili, na ilipotolewa haikuruhusiwa kuvuka mpaka. Kazi ile ile ya kunakili ikarudiwa nchi baada ya nchi, hasa zile zisizo na fedha za kufanyia hata mara moja. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, uliruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za namna hiyo na kupelekeana. Kenya ilijiunga mwaka 2017. Siku hizi kinachosafirishwa mara nyingi ni faili la kompyuta. Mashine ya kuchapa nundu yaweza kuwa mbali kabisa na mahali kitabu kilipoandaliwa.

Hata hivyo faili halimwondolei mwalimu kazi yake. Grafu na mchoro wa moyo havigeuki nundu vyenyewe. Uzi uliogundishwa juu ya kadibodi hufaa kuliko maelezo marefu. Ubaoni nako, maneno “hii toa hii” hayamfikishii asiyeona chochote. Na mwalimu asemapo “nane gawanya kwa x jumlisha tatu”, mwanafunzi huyo hana njia ya kujua iwapo tatu imo chini ya mstari wa sehemu au imesimama peke yake, mpaka atajiwe mahali mabano yanapofunguliwa na yanapofungwa.